Fighi Iliyotoa Moshi

Jumatatu, 6 Oktoba

Katika Kasigau yote, kuanzia Rukanga mpaka Bungule, mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumfukuza ndovu kwa kukohoa. Nilikohoa mara moja tu. Akanitazama, akaona huyu si mtu wa kuchezewa, akageuka akaenda zake.

Haya, daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme ilivyokuwa. Ndovu alikuwa ameshageuka. Aliyemgeuza ni Ndanu, mke wa mwanangu Titus, aliyesimama nyuma yangu akitikisa kopo la rangi lenye mawe ndani. Kikohozi kilikuwa cha tumbaku. Lakini pale kioski cha maji nimeshaisimulia kwa namna nyingine na watu wameipenda, kwa hiyo imekaa hivyo.

Sasa kazi. Chini ya boma langu kuna kichaka cha migunga kinachoshuka mpaka mkondo mkavu. Ndovu hupita humo wakienda kunywa. Nilitia sahihi kwa hifadhi ya jamii kwamba sitakikata, mimi wala kizazi changu. Nilitia sahihi nikiwa na sahani ya pilau mkononi, na shemeji yangu Jacinta, mjane wa marehemu kaka yangu na mwenyekiti wa hifadhi, akiwa amenishikia karatasi. Pilau ile ilikuwa na nyama. Mtu akila vile hawezi kuhesabiwa kuwa na akili timamu.

Na mwezi uliopita Ambrose ameezeka mabati ya buluu. Ambrose huyu nimesoma naye, nikaishia darasa la sita, yeye akaendelea mpaka reli ya Voi ikamchukua, akastaafu, akarudi huku kujifanya mzee wa mila. Nikifungua mlango asubuhi naona paa lake. Ni kama mbingu imeshuka ikamchagua yeye.

Mimi nataka mabati mekundu. Yule mtu wa lori kule Maungu ananunua makaa na haulizi mti ulikuwa wa nani. Nimeshaangusha migunga miwili katikati ya kichaka, pasipoonekana. Kazi ya siku mbili nimeifanya wiki nzima, maana panga ni butu, msumeno ni butu, na tupa yangu ya kunolea anayo Ambrose tangu mvua za mwaka jana. Mtu ana paa la buluu na hana tupa yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Tanuri limewaka. Magogo yamepangwa vizuri, nyasi juu, udongo juu ya nyasi. Moshi mwembamba, mweupe, wa adabu. Nilikaa pembeni nikauimbia wimbo.

Tanuri ni kama mtoto mwenye homa, halitaki kuachwa. Udongo ukikauka unapasuka, na kila ufa lazima uzibwe. Usipozibwa, hewa inaingia, moto unaamka, na badala ya makaa unapata jivu. Jivu na kichaka kizima, maana hii ni Oktoba na majani yote ni kama karatasi. Na chini ya kichaka, upande upepo unakoelekea jioni, ndiyo nyumba ya Ndanu. Paa la nyasi. Ndani amehifadhi mbegu zote za msimu huu, pojo na mahindi, anasubiri mvua ya kwanza. Titus yuko Mombasa, harudi mpaka Krismasi.

Nililifikiria jambo hilo kidogo. Halafu nikafikiria mabati mekundu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeponea chupuchupu.

Saa za asubuhi natoka kichakani na koleo, nakutana uso kwa uso na Bravin. Huyu ni skauti wa hifadhi, kijana wa sare ya kijani anayezunguka akitazama nyayo na mitego. Pua yake ilikuwa juu. Akanisalimia kwa heshima zote, shikamoo babu, kisha akauliza kama nasikia harufu ya moshi. Nikasema ni kiko changu. Akasema kiko kiko mfukoni, babu. Akainua mguu aingie.

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi peke yake, bila kuniuliza. Nikanyoosha koleo mbele yake nikamwambia, "Simama hapo hapo. Hii ni fighi."

Mtoto yeyote wa Kidawida, yaani wa Kitaita, anajua fighi ni nini. Ni msitu wa mizimu. Haukatwi, hauchezewi, hauingiwi ila na wazee kwa utaratibu. Anayeingia hivihivi, wanasema, anazunguka humo akitafuta njia ya kutoka mpaka anasahau jina lake. Bravin amesoma chuo pale Voi, ana simu yenye kamera tatu, na kila Jumapili anapiga kinanda kanisani. Lakini mguu wake ulirudi nyuma wenyewe. Niliuona.

Akauliza mbona hajawahi kusikia. Nikasema siri ya fighi ni kutosikika. Akauliza na moshi je. Nikasema wazee wa humo ndani, mizimu, wamekasirika kwa kuulizwa maswali mengi.

Akaenda. Nikachukua chungu kilichovunjika cha marehemu mama, nikakiweka mlangoni mwa kichaka kikae kama kimekuwepo tangu zamani. Nilikipaka udongo kidogo. Kilipendeza sana. Ilibaki kidogo nikiogope mimi mwenyewe.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bravin hana kifua. Ameisema kila mahali.

Jacinta amekuja na Ambrose. Jacinta ni mwanamke wa kanisa, mizimu haimhusu, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa. Alisema, "Shemeji, umetuficha kitu kikubwa namna hii? Fighi kwenye njia ya ndovu. Hii tunaiweka kwenye ramani, kaunti waione, na hakuna mtu atakayekanyaga hapa tena." Nikasema hakuna haja ya kusumbua kaunti. Akasema si usumbufu hata kidogo. Akatoa simu akaanza kuzunguka kichaka akipima.

Ambrose alikuwa amekitazama chungu muda mrefu. Chungu hicho anakijua. Amekula uji wa mama kutoka kwacho tukiwa watoto, kabla hakijavunjika. Nilingoja aseme. Akasema, "Ajabu. Babu yako si alihamia hapa kutoka Mwatate? Fighi ameitoa wapi?"

Nikasema ilimfuata.

"Ilimfuata," akasema Ambrose. "Kwa miguu?"

Nikamwambia mambo ya mizimu si ya kufanyia mzaha. Akakubali haraka mno, na hilo lilinitia wasiwasi. Akageuka kwa Jacinta na kwa wale vijana waliokuwa wamekusanyika, akakohoa kile kikohozi chake cha reli, akatangaza kwamba fighi iliyoamka baada ya usingizi mrefu hivi ina hasira, na lazima ifanyiwe kutasa, yaani wazee wanywe mbangara, pombe yetu ya kienyeji, wateme kwa baraka, hasira itoke. Itafanyika Jumapili baada ya kanisa. Mpaka hapo asiingie mtu.

Nikasema bila shaka mwenye fighi anaruhusiwa.

"Hasa mwenye fighi," akasema Ambrose.

Jacinta akawaweka vijana wakae ukingoni, kwa zamu. Wamekaa pale mpaka sasa na redio. Tanuri halijazibwa tangu asubuhi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Upepo.

Sijala. Nimekaa mlangoni nikitazama moshi. Jana ulikuwa mweupe, leo una rangi ya samawati upande mmoja. Mchoma makaa akiona hivyo anajua ufa umeshafunguka. Kwa kawaida ningekuwa nimeshautia udongo na kurudi kulala. Sasa nimezungushiwa kichaka changu mwenyewe na watoto wa watu.

Nilijaribu. Niliwaambia vijana naenda kuwanyamazisha wazee. Mmoja akasema, kwa adabu kabisa, kwamba mzee Ambrose amesema ukija na neno hilo tukupe kiti. Wakanipa kiti.

Watu wanapita kutazama. Wameanza kuacha vitu kando ya chungu. Tumbaku, ambayo nimeichukua. Unga kwenye karatasi. Mitungi ya maji, na huku maji ya kioski ni ya kupanga foleni. Mama mmoja wa kijiji cha Jora aliacha sukari, akaniomba nimwombee mtoto wake apite mtihani. Nimemwahidi. Sukari pia nimeichukua.

Jioni upepo uligeuka kuelekea nyumba ya Ndanu. Nilimwona ametoka mlangoni, anautazama moshi, mikono kiunoni. Kisha akanitazama mimi, huku juu. Niliingia ndani nikafunga mlango.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika na miba mgongoni.

Alfajiri, vijana wamesinzia, niliteremka kwa nyuma, nikafuata mkondo mkavu, nikapanda kwa magoti upande ambao hakuna mtu. Koleo nimelifunga mgongoni kwa kamba. Nilikuwa nimeshaona tanuri. Ufa upo, wa urefu wa mkono wangu, na ndani yake pekundu. Si pekundu pa makaa. Ni pekundu pa moto.

Kati yangu na tanuri kulikuwa na ndovu.

Jike, na mtoto wake. Walikuwa wamefuata harufu ya maji ya watu. Ameshaikanyaga mitungi miwili, wa tatu ameuinamisha kwa ustadi mkubwa, anamnywesha mtoto. Hatua chache kutoka mimi nilipo. Alisimamisha masikio.

Wacha niseme jambo moja kuhusu kukohoa. Kohoo lilinipanda kweli, la tumbaku ya sadaka, na nililimeza. Nililala kifudifudi ndani ya kichaka cha miba na sikupumua ila pale nilipolazimika. Yeye alinusa upande wangu. Alinusa upande wa moshi. Moshi hakuupenda. Alimsukuma mtoto kwa mkonga, wakaondoka taratibu kwenye njia yao ile ile, kati ya migunga iliyobaki, bila kuvunja hata tawi. Mtoto alikuwa na mtungi umemkwama mguuni, akawa anatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Hapo vijana wakaamka kwa kelele za mtungi. Nikarudi kwa njia niliyojia, kwa kasi ambayo sikujua bado ninayo. Ufa haujazibwa.

Jumapili, 12 Oktoba, asubuhi

Nilishuka kwa Ndanu kabla ya kanisa. Nilikuwa nimejipanga. Nikamwambia nimeota, na katika ndoto nimeonyeshwa kwamba atoe mbuzi na mbegu nje, avipeleke upande wa pili wa barabara, kwa siku moja hivi, kwa ajili ya baraka.

Alikuwa anapepeta pojo. Hakuinua macho. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, na siku hiyo niliishukuru adabu hiyo.

"Baba," akasema, "mgunga mbichi ukiungua una harufu yake. Nimeisikia tangu Jumanne."

Nikajishughulisha na kiko changu.

"Sijamwambia mtu. Wewe ni baba wa Titus. Lakini mimi nina watoto wawili ndani ya nyumba hii, na mbegu hii nikiipoteza sina nyingine, na mvua haitaningojea nikatafute. Sitatoa kitu nje kwa ajili ya ndoto. Wewe uzime moto wako."

Kisha akanikaribisha uji. Sijawahi kunywa uji mgumu kumeza namna ile.

Wakati natoka, upepo ulikuwa umeshaamka, na ulikuwa unakwenda kwake.

Jumapili hiyo hiyo, jioni

Mikono imejaa jivu lakini nitaandika.

Nilikwenda mpaka mlango wa kanisa, watu wanatoka, nikapanda juu ya jiwe. Nikawaambia wazee wa fighi wamenijia. Hawataki mbuzi. Hawataki mbangara. Wana kiu. Wanataka kila nyumba ilete mtungi wa maji, sasa hivi, kabla jua halijageuka, la sivyo wanamwacha kila mtu na ukame wake.

Walinung'unika. Maji. Oktoba. Jacinta alinikazia macho, akasema ni mara ya kwanza kusikia mizimu inayopanga foleni ya kioski. Lakini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kuchukua mtungi, na watu wakamfuata. Ndanu alibeba wake, uliojaa mpaka mdomoni, akauweka mbele yangu bila neno.

Ambrose alifika na chupa ya mbangara kwapani na shuka lake la heshima. Kulingana na utaratibu aliouweka mwenyewe, waliotakiwa kuingia ni wazee wawili tu, yeye na mimi. Tukaingia, kila mmoja na mitungi miwili. Hatukufika mbali kabla hajakohoa.

Tanuri lilikuwa limefumuka ubavuni. Ulimi wa moto ulikuwa unalamba gogo la nje, na nyasi kavu za upande wa chini, upande wa Ndanu, zilikuwa zimeshaanza kujikunja.

Ambrose alilitazama. Aliyatazama magogo, vile visiki viwili, koleo langu. Nilitegemea hotuba. Hakutoa hotuba. Alivua shuka lake la heshima akalizamisha kwenye mtungi, akaanza kupiga zile nyasi nalo kama mtu anayeua nyoka. Akaniambia nimwage wa kwangu juu ya ufa, mpumbavu mkubwa we, juu, si pembeni. Nilimwaga. Maji yakatoa mvuke kama injini ya zamani ya reli. Yakaisha.

Moto haukuisha.

Ambrose akapaza sauti kuelekea nje, sauti nzito ya wazee wa zamani, "Leteni maji mlangoni! Wazee wana kiu kubwa!"

Wakaleta. Mimi nakimbia mpaka kwenye chungu, nachukua mtungi, narudi. Nakimbia tena. Magoti haya. Ambrose anapiga, anamwaga, anatema mate, ananitukana Kidawida cha ndani ambacho sijakisikia tangu tulipochunga mbuzi pamoja. Nje watu wanasikia mlio wa mvuke na matusi ya kale, na nasikia wameanza kuimba. Mara moja upepo uliinua cheche ikapita juu ya vichwa vyetu kwenda chini, kwenye paa la nyasi, na sote wawili tulisimama tukaifuata kwa macho. Ilianguka kwenye mchanga wa uani. Ndanu, ambaye alikuwa amerudi kwake kuwa macho na watoto, aliikanyaga kwa kandambili.

Mtungi wake ndio uliozima ulimi wa mwisho.

Tulikaa chini. Ambrose alikuwa mweusi kama chungu. Akafungua mbangara, akasema kutasa hakukwepeki, kwa sababu kama kuna mtu mwenye hasira ya kutoa ni yeye. Akanywa, akatema kwa nguvu, akasema hasira yangu itoke, itoke, itoke. Akanipa chupa.

Nilimeza. Ilikuwa siku ndefu.

Alipotoka nje na jivu usoni, watu walirudi nyuma. Akatangaza. Wazee wamekubali maji. Kuanzia kwenye chungu mpaka mkondoni ni fighi, iingie kwenye ramani ya hifadhi leo hii, ndovu wapite, mti usiguswe. Mlinzi wake ni mimi. Na mlinzi asiingie humo na panga mpaka afe. Na kwa kuwa wazee wamekunywa maji ya watu, mlinzi atawachotea watu maji yao, nyumba moja baada ya nyingine.

Jacinta aliandika yote. Akaninong'oneza nikipita, "Shemeji, mizimu yako inanuka mgunga."

Ijumaa, 17 Oktoba

Nachota. Mkokoteni wa kuazima, punda wa kuazima. Punda ni mvivu, mimi pia, tunaelewana. Kila nyumba wananishukuru kwa unyenyekevu. Ambrose ameniwekea mitungi kumi na moja. Sikujua anaoga namna hiyo.

Ndanu alikataa nimjazie wake. Alisema ule ulikuwa wa kwake mwenyewe, na hataki wazee waurudishe. Wingu limeonekana juu ya mlima. Ameanza kulima.

Jumatatu, 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa

Leo nimekuwa shujaa. Kwa serikali.

Kwenye baraza la chifu, baada ya wimbo wa taifa, Bravin alisoma hotuba kuhusu mzee Mwandawiro, ndiye mimi, ambaye kwa moyo wake amerudisha fighi ya mababu na kuilinda njia ya ndovu isikatwe milele. Watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nilijikuta machozi yananitoka, na sijui kama yalikuwa ya uongo, maana yalianza kabla sijayaita. Jacinta alinikabidhi zawadi. Mche wa mgunga. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba zipo nafasi mbili wazi katikati ya fighi, nitaziona.

Jioni nilikwenda kuupanda, mikono mitupu kama ilivyoamriwa. Ndovu wameshapita humo, mavi yao bado mapya. Nilichimba kwa kijiti. Nikakaa kidogo. Pale kumetulia. Hondohondo mmoja ananipigia kelele kutoka juu kana kwamba mimi ndiye mgeni.

Halafu nikalipapasa tanuri, kwa udadisi tu. Upande wa nyuma maji hayakufika. Makaa mazuri kabisa, yanalia kama kengele. Hayafiki bei ya paa zima. Lakini upande mmoja wa paa, ule unaotazama kwa Ambrose, yanafika. Na nikiongeza ule mgunga uliokauka wenyewe karibu na mkondo, ambao sijaona ubaya wa kuuondoa, umeshakufa, hata mizimu haina kazi nao, paa litatimia.

Nimeyafikiria maneno ya Ambrose neno kwa neno. Alisema panga. Watu wote walisikia. Hakusema msumeno.

Nimemwandikia ujumbe, utakwenda asubuhi mtandao ukirudi:

Ambrose, habari za huko kwenye buluu. Nimemaliza mitungi yako yote kumi na moja na mgongo umekwisha. Sikudai shukrani. Ila ile tupa yangu uliyoazima mvua za mwaka jana, tafadhali, mpe Bravin akipita aniletee. Ni ya kazi ndogo tu.